Uso wa Baba Kwenye Ubao wa Sanduku la Chai

Kosa ni langu, simsingizii shetani wala pombe. Nilimvunja mtu mkono wa kulia nikiwa na akili zangu timamu.

Miaka ile mashamba ya chai ya Kericho yalikuwa bado machanga. Bwana DC alitutayarishia maonyesho ya kazi za mikono za watu wa milimani: ngao, mikuki, vibuyu vya maziwa vyenye shanga. Mimi nilipeleka ngao niliyoipaka rangi mwenyewe, na nilivimba kichwa kwa ajili yake.

Upande wa pili wa banda waliwekwa wachoraji wa kisasa. Mmoja alikuwa Okelo, Mjaluo fundi wa masanduku kiwandani kwetu. Alichora kwa rangi juu ya mbao za masanduku ya chai. Watu walimzunguka wakicheka. Nikajipenyeza, nikamwona baba yangu! Baba, aliyekufa mwaka uliotangulia, ananitazama na kovu lake juu ya jicho.

Lazima nieleze. Kwetu Wakipsigis, mtoto akizaliwa akina mama humtajia majina ya wazee waliokufa. Akipiga chafya kwa jina fulani, mzee huyo amerudi ndani yake. Mwanangu wa wiki mbili alipiga chafya kwa jina la baba. Na asubuhi ile alikuwa na homa kali, anakataa kunyonya. Nilipouona uso ule ukutani, niliamini kabisa kwamba ndio unaomvuta baba atoke ndani ya mtoto.

"Nani alikuambia uweke baba yangu kwa ukuta?"

"Ndugu, ngoja kwanza," Okelo akasema. "Huyu mzee mwenyewe ndiye..."

Sikungoja. Rungu langu lilimpata begani, akaanguka. Akanyoosha mkono kuukinga ubao, si kichwa chake. Niliupiga mkono huo mara tatu, nne, mpaka nikasikia mifupa ikivunjika. Kisha nikaupasua ubao vipande vipande. Askari walinikuta bado napiga.

Nilifungwa. Mke wangu alipokuja kuniona, alisema mtoto amepona. Nikajisifu, nikamwambia unaona sasa?

"Mtoto wa jirani alikuwa na hiyo homa pia," akanijibu. "Yeye pia amepona. Nani alivunjwa mkono juu yake?"

Halafu akaniambia nisilolijua, alilolisikia kiwandani. Baba mwenyewe ndiye aliyemwomba Okelo amchore, akakaa mbele yake siku nyingi kabla ya kufa. Ubao ule ungeletwa nyumbani kwetu maonyesho yakiisha.

Nilipotoka nilimfuata Okelo kumwomba msamaha. Alinisalimia kwa mkono wa kushoto, maana ule mwingine haushiki tena hata kijiko. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Ndugu yangu unayesoma, mtu akianza kukueleza, mwache amalize. Mwanangu sasa ni mkubwa, na ananiuliza babu aliye ndani yake alikuwa na sura gani. Namwambia alikuwa na kovu juu ya jicho. Mengine nimeyasahau.