Password ya Mwaitu

Leo nimelia mbele ya kompyuta ya kanisa, pastor akiniangalia.

Tovuti ya maombi niliwatengenezea hapa Matinyani nikiwa chuo. Password za washirika nilizificha na MD5, njia ya kugeuza neno kuwa herufi na namba zisizosomeka. Nikaapa hata mimi siwezi kuzisoma.

Kumbe MD5 ilishazeeka. Siku hizi laptop ya kawaida inabahatisha mpaka inazipata.

Nilipomwambia, pastor hakuamini. “Hebu nionyeshe.”

Nikamwonyesha, tena kwa maringo.

Dakika chache tu, zikaanza kufunguka. Ya tatu ilikuwa ya marehemu mama yangu, Mwaitu kwa Kikamba chetu:

mutuarudi

Mutua ni mimi. Miaka sita nilikuwa Nairobi nikimwambia kazi ni mingi.

Washirika, mnisamehe. Badilisheni zenu leo.

Yako nimeiacha, Mwaitu. Nimerudi, lakini mlango uko na kufuli.