Mvule wa Nusu

Nilidhani nimeshaona vya kutia kinyaa vyote, mpaka siku nilipokuta kichwa cha kambare kimefungwa ndani ya milima ya Mang'ula.

Milima hiyo aliichora mama mdogo Agnella, kwa penseli. Anaishi hapa Ifakara, analima mpunga kama watu wote, ila jioni anachora. Parokia ilimwomba achore kwa rangi picha ya bonde letu kwenye ukuta wa ukumbi, naye kabla ya kugusa rangi akachora mwaka mzima kwenye madaftari: milima, kingo za mto, na mvule mmoja wa Katindiuka, tawi kwa tawi, siku tisa. Nilimuuliza kwa nini asianze tu na rangi.

"Nikiwa ukumbini mlima nitauuliza nini?" alisema. "Humu natoa mti, humu natoa mlima, navipanga mpaka vikubaliane. Bila michoro nitakuwa natunga uongo."

Madaftari yalikuwa manne, juu ya kabati. Mumewe, baba mdogo Gasper, aliona yamejaa mistari isiyo na rangi, akampelekea Theresia, mkaanga samaki wa Mkula, kama sisi tunavyompelekea madaftari ya shule yakiisha, afungie samaki. Akapewa perege watatu. Akala wote njiani.

"Si yalikuwa yamejaa?" alijitetea, midomo bado inang'aa mafuta. "Mimi najua kazi ni ile ya rangi. Hii mistari mistari ya nini tena?"

Mama mdogo akajifunga kanga, akaniita. Tukaenda Mkula.

"Shikamoo mama," nilimwamkia Theresia.

"Marahaba. Niwafungie wangapi?"

"Sisi tunataka karatasi," mama mdogo alisema.

"Hee! Siku hizi mnakula karatasi?" Wateja wakacheka. Halafu Theresia akamwangalia usoni, akaacha. Alitupatia madaftari mawili ambayo hakuwa ameyagusa, kisha akatuonyesha shimo la taka nyuma ya banda.

Jamani, lile shimo! Matumbo, magamba, nyongo, nzi wa kijani, funza wanatembea juu ya karatasi. Nilitapika mara mbili. Mama mdogo alizamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akawa anakunjua karatasi moja moja kama anafungua barua. Milima tuliipata, inanuka. Mto tuliupata. Mvule tuliupata upande wa kushoto tu. Wa kulia ulikuwa umechanika, haukuonekana kabisa.

"Twende Katindiuka ukauchore tena," nilisema.

"Ulishapasuliwa mbao tangu mwezi wa tatu. Pale sasa ni jaruba la mpunga."

"Basi malizia kwa kichwa. Nani atajua?"

Alinitazama kama nimemwambia anywe maji ya lile shimo.

Ukutani akauweka mvule pembeni kabisa, kulia, ili picha iishie pale karatasi ilipochanikia. Ni mzuri mpaka unataka kunyoosha shingo uone uliobaki.

Siku ya kufungua ukumbi, baba mdogo Gasper alisimama mbele ya picha na soda yake, akimweleza Mzee Barnaba wa kamati: "Hapo mke wangu alikosea vipimo, ukuta ukamwishia." Akacheka, akajifuta mdomo kwa kiganja.

Mama mdogo alisikia. Alichukua ndoo yake ya brashi akatoka nje.

Baba mdogo akanivutia kiti nikae karibu naye. Nilikwenda kukaa nyuma kabisa.