Kifuniko Kile Kile, Mwendo Mwingine

Saa kumi na moja alfajiri, taa haijawashwa, kandambili moja inagonga sakafu na nyingine inaburuzwa. Mkewe, angali kitandani, anajua amefika mlangoni.

"Baba watoto, chai kwanza."

"Chai itanisubiri. Magugu hayana subira hiyo."

Majirani humwita Bwana Pampu. Kwa miaka kumi na tisa amepuliza dawa ya magugu katika mashamba ya ngano ya watu, pampu ya lita kumi na sita mgongoni, akilipwa kwa ekari. Mwaka juzi alipata kiharusi. Mkono ulirudi. Mguu wa kushoto ulirudi nusu.

Msimu uliopita alirejea kazini, akapima dawa kama alivyozoea: kifuniko kimoja kwa kila pampu. Wiki mbili baadaye magugu yalikuwa yamekufa kweli, lakini ngano nayo ilikuwa ya kuhurumiwa, manjano na imedumaa.

"Niliona pampu zinaisha haraka," anasema, macho chini. "Ekari ya pampu tano ikala saba na zaidi. Nikasema nozeli ya kupulizia imechakaa, nikabadilisha. Mguu wangu mwenyewe sikuufikiria."

Bibi shamba, afisa kilimo wa kijiji, ndiye aliyemfafanulia. Anayetembea polepole humwaga maji mengi zaidi pale anapopita, na dawa imo ndani ya maji hayo. Kifuniko kilikuwa kile kile, ila ngano ilinyweshwa dozi moja na nusu.

Mwenye shamba, mjane asiyependa maneno mengi, amempa leo tu athibitishe kwamba mwendo wake unashika kipimo. Magugu yana majani matatu. Yakikomaa zaidi, dawa haitayaweza. Akishindwa, wenye pampu ya injini wanasubiri simu.

"Kaka, sina ugomvi nawe," anamwambia. "Ila ngano yangu haiwezi kukuvumilia mara mbili."

"Hata mimi sijivumilii, dada."

Jaribio ni la maji matupu. Anajaza pampu hadi kwenye alama, anapuliza mita mia moja zilizopimwa kwa kamba, kisha bintiye wa miaka tisa anarudishia maji kwa jagi la lita moja, akihesabu. Zamani majagi mawili yalitosha. Leo, mara ya kwanza yameingia matatu. Mara ya pili, matatu.

Matatu si mabaya, mradi yasibadilike: atapunguza dawa hadi theluthi mbili za kifuniko, na ngano itapata kipimo chake. Kinachotisha ni uchovu. Mguu ukizidi kulegea, hakuna kipimo kitakachoshika. Ndiyo maana mwenye shamba anataka mara ya tatu, jua likiwa limepanda.

Hata akifaulu, kwa kupumzika kila baada ya pampu atamaliza ekari moja kwa siku, yeye aliyekuwa akimaliza tatu.

"Hiyo moja inanitosha kuanzia," anasema, akimtazama bintiye. "Nataka huyu anione nikienda kazini, si nikining'inia mlangoni kama pazia."

Jua limepanda. Anaondoka na pampu kwa mara ya tatu. Mwenye shamba anafuata kila hatua, mikono kifuani. Bwana Pampu anarudi jasho likimdondoka kidevuni, anashika nguzo ya ua.

Mtoto anamimina. Jagi la kwanza. La pili. La tatu linaingia taratibu, maji yanapanda, yanapanda, yanagusa alama. Anainama hadi jicho likaribie pampu, kisha anasimama.

"Yameingia matatu, baba."