Joto la Sidi Halikuwa la Pasi

Mvuke unafuka, shuka nyeupe zinanyooka chini ya pasi, na Sidi Garama anaimba. Katika chumba cha dobi cha hoteli moja ufuoni Bofa, Kilifi, wenzake wanamtania, "Mama Kambi, leo kwako kuna harusi?"

Mwaka jana hakuwa na hamu ya kuimba. Joto lilimpanda ghafla kutoka kifuani hadi utosini, jasho likamchuruzika, moyo ukamdunda kama wa mtu anayefukuzwa. Usingizi ulimpaa. Siku moja aliiacha pasi juu ya kitambaa cha meza akakimbilia nje kutafuta hewa. Aliporudi, kitambaa kimeungua.

"Nikajua ni moyo huu, nakufa," asema mama huyu wa miaka hamsini na mmoja. "Nikamwambia mume wangu, Gerishom, nikiondoka usiwatese wanangu."

Gerishom hakungoja. Alimpeleka kliniki, moyo ukapimwa, ukaonekana mzima. Kisha Daktari Ruqaiya akamuuliza hedhi yake ya mwisho aliiona lini.

"Mwaka umepita," Sidi akajibu. "Nilidhani ikikoma imekoma, basi."

Alielezwa kwamba homoni zimepungua mwilini, na kwamba ipo dawa ya kuzirudisha. Akatoka amefarijika. Faraja hiyo ilidumu hadi alipofika kazini, ambako Kabibi, anayekunja naye shuka, alimshika mkono.

"Dawa hizo zaleta kansa ya matiti, dada. Heri jasho kuliko kaburi."

Sidi akarudi kliniki na maneno hayo hayo.

"Mwenzako hakusema uongo," daktari akamwambia. "Kizazi unacho, kwa hiyo utahitaji homoni mbili, ya pili ikikilinda, na hizo huongeza kidogo hatari ya saratani ya matiti, hasa ukizitumia miaka mingi. Damu nayo yaweza kuganda, ingawa kwa kibandiko cha ngozini hatari hiyo ni ndogo kuliko kwa vidonge. Lakini hujawahi kuugua maradhi hayo, na presha yako ni nzuri. Faida ni usingizi, joto kutulia, hata mifupa kupata nguvu."

"Ingekuwa wewe, ungetumia?"

"Mimi silali kitandani kwako, mama. Na ukikataa, zipo njia nyingine."

Sidi aliwaza wiki nzima. "Kansa naiogopa," asema, "lakini yale nayo hayakuwa maisha."

Akakubali kibandiko, pamoja na kidonge cha homoni ya pili, kwa sharti la kurudi kupimwa. Baada ya wiki kadhaa, Gerishom aliamka akamkuta mkewe amelala fofofo, jua limeshachomoza.

"Sikumwamsha," asema akicheka. "Chai nilipika mwenyewe."

Hofu haijamwisha Sidi. Kila mwezi hujipapasa matiti, na kila mwaka atakaa na daktari waamue kama aendelee au aache.

Msimamizi wa dobi anastaafu mwaka huu. Mwaka jana Sidi aliombwa ajiandae kumrithi akakataa, akihofia hasira zilizokuwa zikimjia bila sababu siku zile za joto. Juzi aliitwa tena.

"Nimewaambia niko tayari," asema, akikung'uta shuka nyingine. "Cha kwanza nitadai feni humu ndani. Sisi wanawake njia yetu ni moja. Mimi nimetangulia tu."