Misa Aliyoisikia Debora

Debora alikuwa fundi cherehani pale mtaa wa Mukendo. Nyumbani kwake ni Bweri, alikoishi na mama mkwe wake, Gaudensia. Mumewe alikuwa kwenye uvuvi kisiwani Rukuba, akirudi mara moja moja. Mwaka mmoja Debora alijifungua mtoto wa kiume aliyeishi nusu siku tu. Nesi mmoja Mkatoliki, alipoona pumzi ya mtoto inakatika, alimmwagia maji kichwani akambatiza Felisian. Padri hakuwepo. Hata mshumaa haukuwepo. Jambo hilo likamkwama Debora kama mwiba wa samaki kooni.

"Mama, yale yalikuwa maji ya bomba tu," alimwambia mkwewe. "Nitajuaje kama yalitosha?"

"Yalimgusa, na jina la Mungu likatajwa," Gaudensia akajibu huku akichambua dagaa. "Unataka nini tena, mwanangu?"

"Nataka kuonyeshwa."

Basi jirani yao Marieta alipoleta habari kwamba kwenye kilima kimoja nje ya Bunda jua linacheza mchana kweupe, na Bikira Maria anawaonyesha watu marehemu wao, Debora hakungoja kubembelezwa. Padri alikwisha kutangaza kuwa Kanisa halijathibitisha lolote kuhusu mahali pale. Neno lake liliingia sikio hili likatokea lile.

Kilimani watu walijaa kama siafu. Mmoja akapaza sauti, "Yule pale!" Wote wakainua nyuso. Debora akalikodolea jua macho, akalikazia, machozi yakimchuruzika, akimwita mwanawe. Aliona duara jeusi, kisha rangi rangi, kisha basi. Jioni macho yakawaka kama yametiwa pilipili. Hospitali wakamfunga bandeji yote mawili.

Jumapili ilipofika alikataa kutoka. "Macho yenyewe sina, mama. Naenda kutazama nini?"

Gaudensia akacheka. "Mimi nikiwa kanisani huwaga nafumba. Twende."

Akaketi kwenye benchi gizani mwake. Alizoea kukagua mishono ya waumini wenzake; safari hii alikuwa na masikio tu. Akasikia vikohozi, watoto wakilia, upepo wa ziwani ukigonga mabati. Kisha kengele ya mageuzo ya mkate na divai ikalia, na kanisa zima likanyamaza. Wavuvi, akina mama wa sokoni, hata wachanga migongoni: kimya, na hakuna aliyewaambia wanyamaze. Mwili wa Debora ukasisimka. Alijua kuna Mtu amefika, Mkubwa mno, na kwamba Mkubwa huyo anamjua yeye, Debora, kwa jina.

Padri akawaombea marehemu, akawataja watakatifu na wote waliompendeza Mungu. Maneno hayo Debora aliyasikia tangu utoto wake Butiama, kama mtu asikiavyo mvua juu ya paa. Leo yalimwangukia mwilini. Felisian alikuwa miongoni mwao, hapo hapo, karibu kuliko mkono wa Gaudensia uliokuwa umemshika. Hakuona mwanga, hakusikia sauti. Bandeji ililowa.

Gaudensia akamwongoza mpaka mbele.

"Mwili wa Kristo."

"Amina," akasema.

Njiani kurudi Debora alitembea ameushikilia mkono wa mkwewe. Kisha akauliza, "Mama, huwaga inakuwa hivi kila siku?"

"Kila siku."

"Na hukuniambia!"

"Ningekuambiaje?"

Bandeji zilipofunguliwa, jicho la kulia lilibaki na doa katikati, na mpaka leo huwaomba wateja wamtungie uzi kwenye sindano. Siku moja Marieta akaja na habari kwenye kibanda chake cha kushonea: sasa kuna msalaba unaotoa mafuta, gari liko tayari.

"Wewe nenda salama, dada yangu."

"Kwani hutaki kuona?"

Debora akasimamisha cherehani. "Naogopa," akasema taratibu. "Hicho nilichopewa kanisani chenyewe bado sijakimaliza."