Ndege wa Nyumbani kwa Rubani

Mkwe wangu ni rubani wa ndege ndogo, ile ya viti vinne inayolia kama cherehani yenye homa. Kazi yake ni kumpandisha mpima ardhi angani akapige picha za mapaa ya jiji. Wenzake wanamwita Futi Elfu. Sheria inasema ndege ndogo ikipita juu ya jiji isishuke chini ya futi elfu moja kutoka kwenye jengo refu kuliko yote lililo karibu, naye kwa uoga huongeza mia mbili za kwake. Sheria inasema pia awe mahali ambapo injini ikizima, ataweza kuteleza hadi uwanja mtupu bila kumwangukia mtu. Basi Futi Elfu hata akitembea kwa miguu anatafuta uwanja mtupu. Siku ya harusi yake aligoma kukaa kwenye kiti cha katikati ya ukumbi, binti yangu akaolewa karibu na mlango.

Mimi mwenyewe alinipandisha mara moja. Kabla ya kupanda akainama, macho chini, jasho linamtoka.

"Mama, naomba radhi. Sheria inataka nijue uzito wako."

Mkwe kuniuliza uzito! Nikamwambia, "Andika kilo sitini, baba. Na tano za ulimi."

Akaziandika zote.

Mtu wa namna hii ndiye aliyeletewa barua na ofisi ya anga, Jumatatu mchana, kwamba anaruka chini chini kama mwizi wa kuku. Binti yangu alitusomea sebuleni: "Ndege ndogo ya rangi ya kijivu, ya rubani anayeishi jengo la pili, hupita kila asubuhi juu ya paa langu kwa kimo cha mita mbili, ikimwaga uchafu juu ya shuka." Mlalamikaji alikuwa dobi wa jengo la jirani, anayeanika shuka za hoteli juu ya paa. Rubani akaamriwa kukabidhi leseni siku hiyo hiyo, shauri lisikilizwe Ijumaa. Akikutwa na hatia, leseni hairudi.

"Mita mbili!" mkwe wangu akashika kichwa. "Kwa mita mbili si ningeondoka na kamba na shuka zote?"

"Ungepita mjini kama bibi harusi," nikasema.

Nilicheka, huku naangalia darini. Naishi nao nyumba moja, na juu ya paa letu ninafuga njiwa kumi na mmoja, wote wa kijivu, na kila asubuhi nawafungulia. Sikuhitaji kuelezwa. Nikawaza: nikisema, njiwa wangu watafukuzwa. Nikinyamaza, nani mwenye akili timamu ataamini habari ya mita mbili? Nikanyamaza. Mkwe wangu akaacha kula. Jumatano mpima ardhi akampigia simu kwamba amepata rubani wa kushika nafasi yake kwa muda, na huyo wa muda akionekana anafaa, basi tena.

Ijumaa nikamsindikiza. Mkaguzi wa anga alikuwa na miwani miwili, mmoja machoni, mmoja kichwani, kila mmoja ukimtafuta mwenzake. Dobi alikuja na shuka yenye madoa, kaikunja vizuri kama ushahidi wa mauaji.

"Mama," mkaguzi akamwuliza dobi, "ndege hiyo ina mabawa mangapi?"

"Mawili. Kwani yapo matatu?"

"Na sauti yake?"

"Kama mtu anayesukutua koo."

Mkaguzi akaandika: injini mbovu. Mkwe wangu akafumba macho.

"Ikishapita juu ya kamba, inaelekea wapi?"

"Haendi mbali. Anatua kwenye antena yangu."

Kalamu ikasimama. "Antena ya nini?"

"Ya televisheni. Anatua yeye na mkewe, wananong'ona pale mpaka saa nne."

Futi Elfu akaruka kutoka kitini. "Mheshimiwa, mke wangu hajawahi kupanda ndege! Anaogopa hata ngazi!"

"Na wewe nani kakutaja?" dobi akamkemea. "Kaa chini, tunazungumza mambo ya maana."

Nikamtazama mkwe wangu. Midomo yake ilikuwa imekauka kama ya mgonjwa. Nikasimama.

"Mwanangu mkaguzi, futa hiyo injini. Andika njiwa. Ni wangu mimi."

Mkaguzi akabadilisha miwani, akamgeukia dobi. "Mama, ulimwambia nini aliyekuandikia barua?"

"Nilimwambia mchapaji, ndege wa nyumbani kwa rubani wananichafulia shuka. Akasema maneno yangu ni ya mtaani, atayanyoosha."

"Kayanyoosha mpaka yakaota injini," mkaguzi akasema. "Angeandika 'ndege wadogo wanapita', barua isingefika mezani kwangu. Kaandika 'ndege ndogo hupita'. Ofisi hii haina mamlaka juu ya wenye manyoya."

Akafungua droo, akasukuma leseni mezani. Mkwe wangu akaipokea kwa mikono miwili.

"Na shuka zangu?" dobi akauliza.

Nikamwahidi mbele ya mkaguzi kwamba njiwa hawatatoka tena mpaka aanue. Akaniambia maneno ya mdoli hayavunji kioo, atasubiri aone. Sijui maana yake mpaka leo, lakini yaliniingia.

Nje, kando ya barabara, mkwe wangu akanigeukia.

"Mama, ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumatatu. Nisamehe, mwanangu. Nilikosa."

Mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akakaa kwenye ukingo wa barabara.

"Siku nne sijapata usingizi, mama!"

"Hata mimi sikulala, baba. Nilikuwa nakuwazia."

"Wewe ulikuwa unakoroma, mama. Chumba chetu na chako ni ukuta mmoja."