Jeneza Lisilo na Jina

Akina baba mliojibanza huko nyuma ya ukumbi karibu na mlango, sogeeni mbele. Najua kwa nini mmekaa hapo. Mambo yakiwa mazito mjifanye mmepigiwa simu. Mimi nilikuwaga hivyohivyo. Sogeeni, sing'ati mtu.

Naitwa Mafuru, fundi seremala wa Bunda, kwetu Kiriba. Wengi wenu mnalalia vitanda nilivyotengeneza. Wengine mnanijua kwa kazi ile nyingine, ambayo anayekuja kuiagiza haketi wala hatanii. Natengeneza majeneza.

Mzee aliyenifundisha ufundi aliniachia mwiko mmoja: jeneza halitengenezwi kabla ya jina. Kuna mafundi wanayapanga nje kama makabati, kila mtu na karakana yake. Kwangu hapana. Mpaka ndugu wa marehemu afike na kunitajia jina, ndipo nashika msumeno. Jirani yangu Shabani anauza magodoro na vitambaa, na yeye ndiye hukata kile kitambaa cheupe cha ndani. Akisikia napasua mbao ndefu anauliza kwa sauti kutoka dukani kwake, "Nani?" Namjibu jina. Anamwombea marehemu kwa dini yake, hata kama marehemu alikuwa mzee wa kanisa, halafu anachukua mkasi.

Kazi hii inafundisha macho. Siku hizi futi naishika kwa mazoea tu, nikimtazama mtu nimeshajua urefu wake. Lakini zamani nikifunga karakana, na macho hayo nilikuwa nayafungia humo. Nyumbani nilikuwa mtu wa mizaha. Mke wangu Nyangeta yupo pale, muulizeni. Nilikuwa namaliza sato mzima na ugali wa udaga, ule wa muhogo, halafu nauliza kama yule samaki alikuwa na ndugu.

Tulipata mapacha, wasichana, Kulwa na Doto. Jamani, nilitembea Bunda nzima kifua mbele kama vile nimewazaa mimi.

Kulwa alianza kukohoa wakati wa mvua, wakiwa bado wachanga. Kifua kikawa kinabonyea kila akivuta pumzi, hadi mbavu unaziona. Tukamkimbiza hospitali. Wakasema nimonia, wakamwekea hewa, wakafanya walichoweza. Asubuhi moja nilikuwa nimetoka kumtafutia mama yake uji. Niliporudi nikamkuta Nyangeta amekaa chini, na muuguzi ameshamfunika mtoto. Uji niliuweka dirishani. Mpaka leo sijui nani aliunywa.

Kaka yangu Manyama alitoka Kiriba kuja kutuchukua. Tukiwa bado nje ya hospitali, akaniuliza, "Sanduku la mtoto umeshaanza?"

Sikuelewa. Nikamwambia, "Sanduku gani?"

"Mafuru, wewe si ndiye fundi? Utaenda kumwagizia mtu mwingine, watu watatuelewaje?"

Hakuwa na ubaya, msimlaumu. Kwetu kila mtu alifikiri hivyohivyo, na mimi mwenyewe nilifikiri hivyo. Nikaenda karakana. Nikatandika mbao. Shabani aliposikia msumeno akauliza kama kawaida yake, "Nani?" Nikashindwa kujibu. Akaja mwenyewe mlangoni, akaona vile vipande vilivyokuwa vifupi. Akarudi dukani, akaleta kitambaa.

Nilipiga msasa kwa uangalifu ambao sijawahi kuuweka kwenye kazi yoyote. Niliogopa kibanzi kisije kikamchoma. Mtu amekufa, halafu unaogopa kibanzi! Sikulia. Machozi yalifika hapa, kwenye koo, yakakaa.

Kule Kiriba tulimzika. Wanawake walikuwa ndani na Nyangeta, wakimshika, wakimpepea, wakilia naye. Sisi wanaume tulikaa nje kwenye moto. Kila aliyekuja alinipa mkono akasema, "Jikaze, baba. Mpe pole mama." Nilipokea pole nyingi siku zile, zote za kumpelekea mtu mwingine. Mzee mmoja akanisifu mbele za watu kwamba huyu ndiye mwanaume, kamtengenezea mwanawe na hajatetereka. Niliona fahari. Ndiyo, niliona fahari kabisa.

Tuliporudi Bunda, ugonjwa ukaanza.

Ulianzia tumboni. Nilihisi moto chini ya kifua, kama nimekunywa maji ya betri. Chakula kikawa hakina ladha. Choo kikafunga. Usingizi ukakataa, na ukija ni wa vipande. Moyo ulikuwa unakimbia nikiwa nimekaa tu kwenye stuli. Nilikonda mpaka mkanda nikautoboa matundu mapya kwa msumari. Na kwa mke wangu, kwa unyumba, nikawa sina kazi. Mnacheka? Chekeni. Mimi nililala nimegeukia ukutani kwa aibu.

Nikaenda zahanati moja ya mtaani. "Taifodi," wakasema. Nikachomwa sindano. Sikupona. Nikaenda nyingine, taifodi tena, safari hii imekuwa sugu. Nikameza vidonge mpaka mkojo ukawa unanuka dawa. Manyama akasema hii siyo ya hospitali, nimetupiwa kitu. Nikapelekwa kwa mganga, nikachanjwa kifuani na mgongoni, nikatapishwa mpaka nikatema nyongo. Nilirudi na makovu na ugonjwa wangu uleule.

Lakini kuna jambo moja ambalo sikumwambia daktari, mganga wala mke. Macho yangu yalikuwa hayafungwi tena karakana.

Nilikuwa nawapima watu. Mteja akija kuagiza meza, naona urefu wake na upana wa mabega. Naenda kanisani, nawapima wanakwaya mstari mzima. Na nikirudi nyumbani Nyangeta ananyoosha mikono kunipa Doto, macho yangu yanampima Doto. Naona vile vipande vifupi, naona na kitambaa. Nikawa naogopa nikimshika nitampeleka alikokwenda mwenzake. Mikono ilikuwa inatoka jasho. Nikawa nasema nimechoka, nina vumbi, sijanawa. Mwisho nikawa naondoka tu chumbani akiingizwa.

Siku moja Nyangeta akasimama mlangoni na mtoto begani. "Huyu naye amekukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Mwenzake hukumlilia hata chozi moja. Huyu humgusi. Niambie basi kama huwataki, nijue!"

Nilifungua mdomo. Ningemwambiaje kwamba kila nikimwona mtoto nakata mbao? Yeye akafunga nguo, akaenda na Doto kwa mama yake Butiama. Ndugu zangu, nilifarijika. Nilijisemea, angalau kule Doto yuko mbali na macho yangu. Mtu mzima mwenye akili zake anawaza hivyo, na anaona ni sawa kabisa.

Nikabaki peke yangu. Sikuoga. Nililala na viatu. Wazo likaja taratibu, wala halikuja kwa kelele, kwamba hawa watu wangepumzika kama nisingekuwepo. Nikalizoea. Likawa ndilo kitu pekee kinachonituliza.

Basi mchana mmoja nikachagua mbao. Mninga, nilizokuwa nimezitunza kwa kabati la mtu. Nikaanza kupasua. Nilikuwa mtulivu kuliko siku zote.

Shabani akauliza kutoka dukani, "Nani?"

Akauliza tena, "Fundi, nani kafariki?"

Nikaendelea kukata. Akaingia na vumbi la mbao likamfanya apige chafya. Akatazama ubao wa chini. Yule bwana amekata vitambaa vya majeneza yangu kwa miaka, na macho yake nayo yamefundishwa. Akautazama ubao, akanitazama mimi, akautazama tena. Nikaona rangi inamtoka usoni.

"Mafuru. Hii ni ya urefu wako."

Akanishika mkono wenye msumeno, akauchukua taratibu, akauweka chini. Halafu akaniuliza bila kuzunguka, kama mtu anayeuliza bei ya godoro, "Unataka kufa?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Waliniuliza kama nimekula, kama nimemeza dawa, kama nina adui. Nikasema, "Ndiyo."

"Haya. Leo hufi. Vaa shati, tunaenda Musoma."

Akaniagiza niketi mahali anaponiona. Akafunga duka wateja wakiwa mlangoni, wakamlalamikia, akawaambia waende popote. Akampigia Nyangeta simu mbele yangu. Njia nzima hakuniachia mkono. Wanaume wawili wazima, tumeshikana mikono kwenye basi kama watoto wa chekechea, na watu wanatutazama. Nilitaka kuutoa. Akasema, "Tulia, we mzee."

Hospitali walinipeleka kwa daktari wa afya ya akili, mama mmoja mwenye sauti ya chini. Damu ilipimwa, taifodi hamna. Mtaniamini nikisema nilikasirika? Nilitamani ningekuwa nayo.

Akaniuliza, "Kwenye msiba wa mtoto, wewe ulilia lini?"

"Mimi nilitengeneza jeneza, daktari."

"Nimesikia. Ulilia lini?"

Nikamweleza kwamba nilikuwa na kazi za kufanya. Kisha nikajikuta namweleza habari ya macho. Nilitegemea aniite kichaa. Akaandika, akaniambia, "Hiyo ni sonona, na imekaa juu ya msiba ambao hujauomboleza. Ni ugonjwa kama nimonia ilivyo ugonjwa. Mwanaume mara nyingi anaanza kwa kulalamikia tumbo." Nikauliza kama unatibika. Akasema unatibika, ila siyo kwa wiki moja, na nisidanganywe na mtu.

Nililazwa. Dawa mwanzoni zilinikausha mdomo, zikanifanya nisinzie mpaka udenda. Nyangeta alifika kutoka Butiama, Doto mgongoni. Tukakaa kwenye benchi. Nikamwambia yote, nikitazama sakafu.

"Nilikuwa nampima," nikasema. "Kila nikimwona, nampima."

Akamhamishia Doto mapajani. Halafu akasema, "Mimi nilidhani hukumpenda Kulwa. Nimekuchukia, baba Doto. Nimekuchukia kweli."

Hapo ndipo yale machozi ya kwenye koo yakatoka. Siyo kulia kwa kistaarabu. Nilitoa sauti kama ng'ombe. Kamasi mpaka kifuani. Watu wa foleni wakageuka, na Shabani akasimama mbele yetu akatukinga na kanzu yake, akawaambia, "Kwani hamjawahi kuona msiba?" Wakati Kulwa alishazikwa miezi kadhaa nyuma.

Msifikiri nilipona hapo. Nilitoka, nikajiona mzima, nikaacha dawa kwa kiburi changu. Nikarudi chini kuliko mwanzo, na Nyangeta akanirudisha Musoma karibu kwa kunivuta. Daktari hakunigombeza. Alianza upya nami. Kila nilipokwenda nilimzungumzia Kulwa, mpaka nikaweza kulitaja jina lake bila moyo kukimbia.

Doto nilimshika kidogokidogo. Kwanza Nyangeta anamshika na mimi naweka mkono wangu juu ya wake. Kisha mguu mmoja tu. Siku alipopata nguvu ya kunivuta ndevu alinivuta barabara, nikapiga kelele, akacheka. Maiti havuti ndevu. Nilijisemea hivyo, kwa sauti, na Nyangeta akanionya nisiseme maneno hayo mbele ya mtoto.

Nilikwenda Kiriba pia. Manyama alinisindikiza kaburini, tukang'oa majani. Akiwa ameinama, akasema, "Mimi ndiye niliyekuambia ulitengeneze." Nikamwambia hatukujua. Akaendelea kung'oa hata mahali pasipokuwa na majani.

Sijaacha kuumwa. Kuna asubuhi bado naamka mzito kama gunia lililolowa, na dawa bado nameza. Majeneza ya watu wazima natengeneza. Ya watoto namwachia fundi mwingine, na wateja wangu wanajua hawahitaji kuniuliza kwa nini. Zile mbao za mninga Shabani alizichukua, akajipigia misumari mwenyewe, ikapinda vibaya sana, akatengeneza shelfu. Amepanga mito juu yake. Nikipita naziona. Hatuzizungumzii.

Shabani hayupo hapa, yuko dukani kwake, na nikimshukuru mbele za watu atanitukana. Lakini nashukuru. Nashukuru aliniuliza neno lenyewe. Na ninyi muulizeni mwenzenu hivyo, kwa kinywa chenu, na akisema ndiyo msimwache aketi peke yake, mshikeni mkono mpaka hospitali. Mkienda msibani, pole ya mama mpelekeeni mama. Baba mpeni ya kwake. Na wewe unayetibiwa taifodi isiyoisha tangu mwanao afariki, au tangu azaliwe, mwambie daktari na yale usiyomwambia mkeo.

Nimalizie na hili. Mwezi uliopita nimemtengenezea Doto kitanda. Nilipokiingiza ndani Nyangeta alishika kiuno. Nne kwa sita, cha mtu mzima, kimejaza chumba hata mlango haufunguki vizuri.

"Fundi gani wewe?" akaniuliza. "Mtoto mwenyewe ndio kwanza anasimama kwa kushika ukuta. Hukumpima?"

Nikamwambia, "Sikumpima. Atakijaza."